Ng'ombe Waliogeuka Sifuri

Feni ya ofisi pale Kibaha ilizunguka polepole, nami nikaitazama sifuri moja kwenye kompyuta mpaka ikafanana na zizi likionwa kutoka juu: duara, ndani kimya.

Nilikuwa na kazi ya muda ya kuhamisha taarifa za wafugaji kwenda mfumo mpya. Zilikuja katika faili la XML, kila taarifa imekaa kati ya alama ya kufungua na alama ya kufunga. Programu yangu iliweka sifuri kila palipokosekana idadi ya ng'ombe. Mfumo ungegawa chanjo kwa idadi hiyo, na gari la Magindu lilikuwa linaondoka kesho yake.

Wafugaji wengine, wa mbuzi na kuku tu, hawakuwa na alama ya ng'ombe kabisa. Mzee mmoja wa Magindu alikuwa na alama zote mbili, ya kufungua na ya kufunga, katikati peupe. Wote wakapata sifuri. Peupe ni hakuna, au ni mtu aliyenyamaza? Nikajiuliza, kisha nikajiuliza kama najiuliza kupita kiasi. Nikamwendea daktari wa mifugo, nikamtajia jina la mzee.

"Huyo? Ana ng'ombe mpaka macho yanachoka," akasema. "Ila hataji idadi. Kwao kuwahesabu kwa mdomo ni kuwaitia mabaya. Na wewe mdogo wangu umewachinja wote."

"Sijachinja, dokta. Nimejaza tu."

"Haya, wafufue."

Nikabadilisha programu. Alama isipokuwepo, sifuri. Ikiwepo bila kitu, ibaki tupu, na jina la mfugaji liende kwa daktari. Yeye akapakia chupa za chanjo kwa kukadiria. Nikaomba kwenda naye. Niliogopa zisije zikapungua.

Magindu vumbi lilikuwa limesimama hewani kama halina haraka ya kushuka. Mzee aliegemea lango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kompyuta?"

"Ndiyo."

"Usiwahesabu."

"Siwahesabu."

Ng'ombe wakaanza kupita mmoja mmoja kwenye njia nyembamba iliyojengwa kwa miti, rangi yao na ya vumbi moja. Pembe zilitokea, zikazama, zikatokea tena, kana kwamba ng'ombe ni yule yule anarudi. Kichwa changu kikaanza moja, mbili. Nikakihamishia mawinguni. Kila daktari alipoinama kwenye kasha la barafu, nilichungulia chupa zilizobaki.

"Wamekwisha," mzee akasema, akafunga lango.

Chupa zilikuwa zimebaki. Nilipumua mpaka mabega yakashuka.

"Sasa dokta, niandike nini?"

"Andika wamechanjwa."