Mfagiaji Aliyegoma Kufagia Kichaka

Mdogo wangu tulimwita Kijiti kwa wembamba wake. Akigeuka ubavu, hata kivuli chake kilikuwa kinamtafuta. Miaka ishirini alifagia kwenye ofisi ya misitu, na miaka yote hiyo kichaka cha nyuma hakukigusa. Majani makavu humo yalikufika vifundoni.

Siku moja mkuu wa ofisi akamwambia kesho anakuja mtaalamu wa ndege, kwa hiyo kichaka nacho kifagiwe. Kijiti akajibu hakifagiwi, humo kuna kindege kinalea makinda chini ya majani. Mkuu akamuuliza analipwa kufanya nini. Kufagia, akasema, si kubomoa nyumba za watu. Basi akaambiwa mtaalamu ndiye atakayeamua, na yeye Kijiti akionekana mwongo, aage kazi.

Nilikwenda kushuhudia, maana ugomvi wa mdogo wako huuachi ukapita bila wewe. Kindege chenyewe nakijua. Ni kidogo kiasi kwamba nilipiga chafya siku moja, nikakikuta mti wa tatu, kimenuna.

Mtaalamu alikuja na darubini shingoni na kitabu cha picha kwapani. Akatazama juu, akaona kindege cha kijani, kifua manjano. Akasema hiki kimejaa kila mahali, na kitabu kinasema kinajenga juu mitini. Chini hakuna kitu. Mkuu akamnyooshea Kijiti ufagio.

Kijiti hakuupokea.

"Hicho ni cha juu, baba. Miguu yake myeusi, na kinalia kama cherehani. Changu kimevaa nguo hiyohiyo, ila miguu yake ni ya waridi kama ya mtoto aliyetoka kuoga, na kinalia kama bomba linalodondosha maji ndani ya ndoo. Funga kitabu, ukae."

"Nikae chini kwa amri ya mfagiaji?"

"Kwa amri ya makinda."

Akakaa chini na suruali yake safi. Tukanyamaza, na mimi kunyamaza ni kazi ya kutoa jasho. Juu cherehani ikashona weee, ikachoka. Kisha tone. Tone jingine. Matone yakaongeza mwendo mpaka yakawa mtetemo mmoja, na kindege cha miguu ya waridi kikashuka na kiwavi mdomoni. Kikatua shibiri moja kutoka kiatu cha mtaalamu, kikamkagua, kikapenya chini ya majani kama mtu anayeingia kwake. Humo ndani zikasikika kelele za njaa.

Mtaalamu alirudisha mguu polepole kama ameuazima. Akafungua daftari, akaandika ndege wawili, akamuuliza Kijiti ile sauti aielezeje. Akaandika bomba na ndoo, neno kwa neno.

Mkuu akakohoa. Akasema haya, kichaka kibaki, lakini uwanja usionekane na jani hata moja.

Kijiti akauchukua ufagio wake. Akafagia uwanja wote bila haraka, mpaka akafika kwenye viatu vya mkuu.

"Inua mguu, bosi," akasema. "Umesimama kwenye kazi yangu."