Wimbo Uliopelekwa London

Mama yangu, Syombua, hakuimba kanisani. Alikaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo kimefunguliwa mapajani, mdomo kaufunga. Wageni walidhani ni ugonjwa wa koo. Mimi, bintiye, najua sababu, na nitaisema bila kumwonea mtu haya, maana waliomnyamazisha walistaafu wakala pensheni zao kwa raha mustarehe.

Kabla ya hapo alikuwa ngui, mwimbishaji wa wanawake wa Kanyangi. Kwetu Ukambani ngui hakuwa wa kuchangamsha sherehe tu. Neno ambalo mtu mmoja hathubutu kulitamka mbele ya chifu, ngui alilitia katika wimbo, wanawake wakaitikia wakicheza, na hapo likawa neno la wote. Kukataa jambo kwa wimbo kulikuwa kukataa kukubwa kuliko kote. Hata chifu mkaidi alijua kwamba akishaimbiwa, mambo yameharibika.

Mwaka wa 1961, ng'ombe wakifa kwa kiangazi, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria huko Nairobi ya kufunga kilima chetu cha malisho. Mifugo ikikutwa huko, inachukuliwa. Na nyasi zilikuwa zimebaki pale kilimani tu. D.O., afisa wa serikali wilayani, Mzungu mwenye shingo nyekundu, alikuwa na mkalimani aitwaye Mulei, kijana kutoka kijiji cha Tulia aliyevuta soksi zake juu kuliko Wazungu wenyewe. Huyo Mulei ndiye aliyetupa matumaini.

"Hiyo sheria haijaisha bado," alimwambia mama pale sokoni. "Lazima ipelekwe London pamoja na ripoti. Wanaandika sheria ni ya nini, na watu wameionaje. Kwini, malkia wao, akiona watu wamekataa, anaweza kuifuta."

"Na nani anaandika vile tumeiona?" mama akauliza.

"D.O. anakuja baraza wiki ijayo. Mtasema hapo, mwaitu." Mwaitu ni mama, kwa heshima.

Mama alirudi nyumbani akitembea kama msichana. Alitunga wimbo, akaufundisha wanawake kisimani. Ulisema hivi: kilima ni titi analonyonya mtoto wetu, anayelifunga kwa waya anaua mtoto, na sisi hatutaki, hatutaki, nenda ukamwambie aliyekutuma.

Siku ya baraza D.O. aliuliza kama kuna mwenye neno. Wanaume waliangalia viatu vyao. Wengi walikuwa wameonja maisha ya kizuizini, na sikuwalaumu. Mama akasimama. Alitoa ile sauti yake, wanawake wakapokea, mabega yakatikisika, vumbi likapanda. Wazee walifumba macho kwa jinsi maneno yalivyokuwa makali. D.O. alitabasamu, mguu wake ukifuata ngoma. Kisha akamgeukia Mulei, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Hawa nasema nini?"

"Ni wimbo ya wanawake, bwana," Mulei akajibu.

Mama alisikia. Alidhani wataelezana vizuri ofisini.

Ripoti ilianza safari yake. D.O. alimwandikia D.C., mkuu wa wilaya, D.C. akamwandikia mkubwa wake, na huko Nairobi mwanasheria wa serikali akaandika kwamba haoni kitu cha kuzuia sheria hiyo isikubaliwe, karatasi zikaenda London. Sisi tulisubiri Kwini aifute. Baba yangu, Mutie, alisubiri kwa imani hata akaendelea kupeleka ng'ombe kilimani, kwani aliamini sheria iliyokataliwa hivyo haiwezi kupita. Walimkamata na ng'ombe wote.

Mahakamani Kitui alisema, "Bwana hakimu, hii sheria tulikataa. Mke wangu mwenyewe alikataa mbele ya D.O."

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Aliagiza nakala ya ripoti, akaisoma kwa sauti, ikatafsiriwa tukiwa tumeketi pale: wenyeji hawakutoa pingamizi lolote, wanawake waliipokea sheria kwa nyimbo na ngoma.

Baba hakumgombeza mama. Wanawake wenzake ndio waliomgombeza. "Ungeongea tu kama watu," Muthoki, jirani yetu, alimwambia. "Wewe na sauti yako." Ng'ombe hawakurudi. Tangu siku hiyo mama hakuimba tena, si kisimani, si arusini, si kanisani. Alijiona yeye ndiye aliyekifunga kilima.

Uhuru ulipokuja tulidhani sheria itaondoka na wenyewe. Wapi! Ilibaki vilevile, ofisi zikabadilisha bendera tu. Mulei akawa diwani. Mama alimfuata hadi mji wa Kwa Vonza kumuuliza kwa nini hakutafsiri. Mulei hakuona haya hata kidogo.

"Mwaitu, mngelia, wangeandika mmelia," alisema. "Nyinyi mlicheza."

Mwaka wa 1984, njaa nyingine, mkubwa mmoja wa serikali alipewa kile kilima kiwe ranchi yake, kwa sheria ileile. Chifu alikuja nyumbani kumwomba mama awaongoze wanawake kumwimbia mgeni huyo siku ya kumkaribisha. Mama alikubali, nami nikashangaa. Siku ilipofika aliwapanga wanawake mbele kabisa, wakasimama wima, midomo imefungwa, mpaka mgeni alipomaliza kuongea na kuondoka. Hakuna aliyepiga makofi hata mara moja. Nilijivunia mama siku ile kuliko siku zote.

Jioni tulifungua redio. Mtangazaji alisoma taarifa iliyotoka ofisini: mgeni alisikilizwa kwa utulivu na heshima kubwa, na wananchi hawakuwa na lalamiko lolote.

Mama alizima redio. Alikaa akiyatazama mawe ya jikoni, uso umemkauka.

"Kwa hivyo miaka hii yote," akasema, "ningekuwa naimba tu."