Pua ya Fundi Mbaruku

Mwezi uliopita fundi mmoja alifunua boneti ya gari langu kuukuu, lenye kabureta bado, akaunganisha nyaya za mita kwenye sensa ya oksijeni, kifaa kinachopima moshi, na kuniomba nisubiri mshale utulie. Moshi ukanifikia, mkali, wenye utamu wa petroli isiyoungua yote. "Mafuta yamezidi hewa," nikasema kabla mshale haujatulia. Alinitazama kwa mshangao. Angejuaje kwamba nikiwa na miaka tisa, Bagamoyo, sensa ilikuwa mimi?

Baba yangu, Fundi Mbaruku, alitengeneza magari uani kwetu. Akishasafisha kabureta, kichanganyio cha petroli na hewa, aliwasha injini, akashika bisibisi, nami nikachuchumaa nyuma ya bomba la moshi, nikinusa. "Mafuta mengi!" Akakaza skrubu ya mafuta. "Sasa machache!" Akalegeza. Harufu ilipokuwa nyepesi, kama pasi ya mkaa juu ya kitambaa kikavu, nilipiga kelele: "Hapo hapo!" Aliuita mchezo wetu, na mtaa mzima hakukuwa na mtoto aliyeringa kama mimi.

Ijumaa moja Bwana Karsan, mwenye duka la vitambaa, alileta gari lake likikohoa moshi mweusi.

"Fundi, leo likikataa nalipeleka Dar," alisema. "Na malori yangu mawili yatalifuata huko huko."

Malori yale ndiyo yaliyotulisha.

Nikaitwa mbio. Tulikuwa twaenda harusini, na mama alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kunifukiza udi, gauni na nywele. Nikachuchumaa, nikavuta pumzi: udi. Nikavuta tena: udi mtupu! Kwa aibu, nikabahatisha. "Hapo hapo!"

Bwana Karsan akakanyaga mafuta. Gari likatoa mlio wa mpasuko, likatema wingu la masizi lililonifunika mimi na kanzu ya jirani aliyekuwa akipita.

"Fundi, binti yako ananusa au anaota?"

Baba hakunikaripia. Aliinama, uso wake karibu na wangu. "Mwanangu, leo kuna nini?"

"Udi, baba."

"Udi upi?"

Sikungoja kujibu. Nilikimbilia pipa la maji, nikajimwagia kichwani, nikavua gauni na kujifunga kanga kuukuu.

"We Mwanaidi! Nywele hizo!" mama alipiga ukelele.

Nikarudi nikitiririka maji. "Bado mengi, baba! Kidogo tena… Hapo hapo!" Injini ikatulia, ikawa inaunguruma kwa raha. Bwana Karsan alizunguka mpaka sokoni na kurudi akipiga honi njia nzima. "Kesho naleta lori la kwanza!" Harusini nilikwenda kichwa kibichi, nanuka petroli, na moyo ukinidunda kwa furaha.

Baba alipofariki, nikiwa chuoni, ndipo mama aliponiambia: homa ilimwondolea uwezo wa kunusa kabla sijazaliwa, na fundi asiyesikia harufu ya petroli hamwambii mtu. Nikalisikia upya swali lile, "Udi upi?", aliloliuliza akiwa ameinama ndani ya udi wangu. Miaka yote nilidhani ananitania.