Babu Alipoomba Kura Ibra

Ibra ya utoto wangu ni harufu ya tende mbichi zikichemka kwenye masufuria makubwa ya shaba. Kiangazi zilikatwa zingali manjano, zikachemshwa, zikaanikwa juani, na mji mzima ukanukia kama jiko la mtu anayepika asali. Katika miaka ya sabini tulihamia mji huo wa Oman kutoka Unguja, kwenye nyumba ya udongo aliyoiacha baba yake Babu Khalfan, pamoja na shamba la mitende na fungu la maji ya falaji, mfereji wa kale ambao wenyewe hugawana maji yake kwa zamu. Ndani tukisema Kiswahili; nje watoto wakituita Wazinjibari, kana kwamba sisi tulikuwa na pembe! Babu akituliza: "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Unguja alikuwa na mashamba ya mikarafuu, alikaa katika baraza la kutunga sheria, na akikohoa tu watu hunyamaza. Mapinduzi yakaondoka na vyote, na hicho cha mwisho ndicho kilichomuuma zaidi.

Hadithi aliyoipenda ilikuwa ya Mwingereza mmoja, Bwana Edwadi, kabaila aliyemkaribisha kwake Babu alipokuwa kijana masomoni Ulaya. Bwana huyo, ati, alikuwa na ardhi ya kuchosha farasi, na kiti cha bunge alichokikalia baba yake na babu yake. Hata hivyo, uchaguzi ukikaribia, mkewe na binti zake walishika vikapu, wakawapigia hodi wapangaji wao wenyewe, wakanywa chai kwenye vikombe vyenye ufa, wakauliza hali ya mtoto mgonjwa kwa jina lake, kisha wakaomba kura bila haya. Babu akipenda kusema kwamba nyumba ile haikushindwa kwa sababu iliomba nzima nzima. Unguja alifuata njia hiyo, na ilimfaa.

Kiangazi kimoja wakili wa falaji, yaani msimamizi wa zamu za maji, alizeeka akataka kupumzika, na wenye maji ikabidi wakubaliane juu ya mwingine. Babu aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote. Haikuwa na utajiri; alitaka tu kuwa tena mtu ambaye neno lake hungojwa. Bibi alimwonya: "Baba Salma, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Umepata kuwaona watu hawa wakiombana vyeo?"

"Ala! Cheo hakiji chenyewe mlangoni," Babu akamjibu.

Basi tukatoka. Babu mbele na joho lake na bakora, Bibi na sinia ya vitumbua chini ya kawa, mama yangu Salma nyuma, na mimi na gauni la Idi lililonibana makwapani. Nyumba kwa nyumba tulipokewa vizuri mno. Kahawa ikaletwa, vitumbua vikasifiwa, na kila Babu alipotaja haja yake, mwenyeji aliinamisha kichwa akasema inshallah. Tulirudi Babu akichekelea njia nzima, na masikini mimi nilijiona binti wa Bwana Edwadi.

Baada ya wenye maji kukutana, jirani yetu Sheikh Nasir alikuja nyumbani. Alikunywa kahawa, akakitikisa kikombe kuonyesha ametosheka, ndipo akaeleza kwa upole kwamba kazi amepewa mtu mwingine, mtu aliyetulia nyumbani kwake na aliyekataa mpaka akabembelezwa.

"Wallahi, ya Khalfan, jina lako ndilo lililokuwa midomoni mwetu, kabla hujatupigia hodi," alisema. "Lakini kwetu amana haiombwi. Anayeiomba hapewi."

"Kabla sijapiga hodi?" Babu akauliza.

"Kabla."

Babu aliinua birika akammiminia kahawa nyingine, na kikombe kilikwisha tikiswa. Sheikh Nasir aliinywa, Mungu amrehemu. Laiti Babu angekasirika siku ile! Alikwenda barazani kama kawaida, akakaa karibu na mlango, wanapokaa wadogo, akajibu alipoulizwa, na Bwana Edwadi hatukumsikia tena. Aliishi hivyo mpaka akafa.

Leo Ibra ina taa na barabara pana, na sisi wanawake tunapiga kura za Baraza la Shura, bunge la huku, siku hizi kwa simu ya mkononi. Wagombea picha zao zimejaa njiani. Juzi alikuja kwangu kijana mmoja na mama yake na shangazi zake, wamebeba halwa, wakaniuliza goti langu linaendeleaje, kisha kijana akaniomba kura, macho makavu, na hakuna aliyeona aibu. Nilitamani kijana yule aondoke, aje Babu asimame pale pale mlangoni na joho lake, aniombe. Ningempa kabla hajamaliza kusema.