Moto wa Gesi Unapozimika Ekrovie

Saa kumi na mbili asubuhi, moto haupo. Omotejohwo Edafe amesimama nje ya tuta la udongo linalozunguka bomba la kuchomea gesi, beseni la muhogo uliokunwa kichwani, na hasogei.

Kwa miaka kumi na tisa amekausha muhogo kwa joto la moto huo, hapa Ekrovie, katika Delta ya Niger. Gesi inayotoka ardhini pamoja na mafuta ilikuwa ikichomwa usiku na mchana. Sasa kampuni inajenga mtambo wa kuikusanya na kuipeleka kituo cha umeme. Kila mara mtambo unapojaribiwa, moto huzimwa, kisha huwashwa tena.

"Ukiwaka, nauona," anasema. "Ukizimika ndipo ninapoogopa."

Mwezi uliopita moto ulizimika, udongo ukabaki na joto. Wanawake waliingia ndani ya tuta kutandaza muhogo, karibu na bomba kuliko walivyowahi kufika. Moto uliruka bila onyo. Wifi yake, Ufuoma, bado amelazwa hospitalini Warri, mgongo na mikono vikiwa na majeraha.

Leo mawingu ya mvua yametanda. Muhogo usipokauka hadi jioni utachacha, na huo ndio unaowasomesha wanawe wawili.

"Ingia, mama, leo hawawashi!" Tejiri, mlinzi wa kampuni, anapaza sauti kutoka getini. "King'ora kitalia kwanza."

"Mara ile kililia?"

"Mara ile kilikuwa kibovu."

"Basi tangulia wewe, mwanangu. Ukirudi mzima nitakukaangia ndizi."

Wanawake wenzake, waliokuja na mabeseni yao, wanaangua kicheko. Tejiri habanduki getini.

Omotejohwo anatandaza muhogo kwenye bati, analifunga kamba, kisha analisukuma kwa mti mrefu kutoka juu ya tuta hadi kwenye udongo ambao bado una joto. Jioni atalivuta. Wenzake wanaiga. Wote wanateremka upande wa nje, kila mmoja na kamba yake.

"Gesi hiyo hiyo wanayoipeleka mjini, watuachie kidogo tujenge tanuri," anasema. "Tukaushie huko, tuachane na tuta hili."

Saa tatu na dakika kumi, moto unaruka juu ya tuta. Wanawake wote wako nje. Omotejohwo anavuta kamba. Inakuja nyepesi, ncha yake inawaka.

Kisha king'ora kinalia.