Kisu cha Mbao

Wifi yangu, mke wa kaka, anashona sare za shule. Meza yake na meza yangu zimo katika chumba kimoja, cherehani mbili zinatazamana, kwa hiyo kila anachofanya nakijua, hata kile asichotaka nikijue. Jumanne na Alhamisi jioni anafunika cherehani yake, anabeba mfuko wa nguo nyeupe, anakwenda kwenye ukumbi wa shule kufanya karate. Miaka tisa sasa. Nilikwenda kumtazama mara moja tu. Nilidhani nitaona watu wakiruka na kupiga mayowe. Wapi! Saa nzima wanasukuma ngumi ile ile hewani, mguu huu mbele, mguu ule nyuma, kuinama, kuinuka.

"Wifi, hiyo hewa imekukosea nini?" nilimwuliza tukirudi nyumbani.

"Huo mdomo wako ungekuwa ngumi, ungekuwa na mkanda mweusi zamani."

Mkanda mweusi ndio uliokuwa ukimnyima usingizi. Alikuwa na wa kahawia, imebaki ngazi moja. Jumamosi alikuwa akifundisha wanawake sita kujilinda, lakini chini ya jina la mwalimu wake. Akipata mweusi angekabidhiwa ufunguo wa ukumbi na darasa liwe lake. Hilo tu. Hakutaka kingine, na kaka yangu alichoka kulisikia.

Zoezi lake kubwa lilikuwa la kisu cha mbao. Mwenzako anakuchoma, wewe unapisha mwili, unashika kifundo cha mkono, unakizungusha, kisu unacho. Halafu unakirudisha kwa mikono miwili, umeinamisha kichwa, mnaanza upya. Mwalimu wao ni mkali sana hapo kwenye kurudisha. Anasema mwenzako si adui, na mtu asiyejua kuheshimu asifundishwe kupiga. Maneno mazuri, sikatai. Wifi alikirudisha kile kisu mara elfu ngapi sijui.

Siku moja mchana nilikuwa napiga pasi kola. Akaingia mwanamume, tukadhani amekuja kupimwa suruali. Akachomoa kisu. Cha chuma, si cha mbao.

"Simu zenu. Upesi."

Mimi nikaganda na pasi mkononi. Wifi akainuka. Alichofanya hata leo siwezi kukieleza vizuri: alipisha mwili, mkono wa yule bwana ukageuka, na kisu kikawa kwa wifi. Jamani! Nilipiga kigelegele. Na kabla sijakimaliza, haki ya Mungu, wifi yangu akaweka kisu kwenye viganja viwili, akainamisha kichwa, akamrudishia.

Mwizi mwenyewe alipigwa na butwaa. Alikitazama kisu, akamtazama wifi, kama mtu aliyeuziwa kilo moja akapimiwa mbili. Kisha akili ikamrudia. Akakinyakua, akamchana kiganja, akabeba simu zetu na kutoka. Mashati kumi na moja meupe yalilowa damu.

Kule zahanati, fundi cherehani akashonwa yeye, nyuzi saba. Mimi nilicheka, nikalia, nikakasirika, vyote kwenye benchi moja.

"Miaka tisa! Miaka tisa unajifunza kumpa mwizi kisu!"

Tulipofika nyumbani aliutazama mkono uliofungwa bandeji. "Mkono haukukosea," alisema. "Umefanya nilichoufundisha. Na wale sita nimewafundisha hicho hicho."

Nilikwenda kumpikia uji. Sina kawaida hiyo.

Jumamosi alikwenda na bandeji yake, akawasimulia wote bila kuficha aibu. Kisha akabadilisha zoezi: ukishakipata kisu, kitupe mbali, kimbia mpaka getini, usisimame mpaka uone watu. Mwanzoni walicheka, wanawake wazima wanatimua mbio peku uwanjani. Mmoja wao, muuza dawa wa duka la jirani, mnene na mwenye haya, ndiye aliyekuwa wa mwisho kila mara. Wifi alimrudisha akimbie tena na tena.

Habari zikamfikia mwalimu. "Mtihani ni mwezi ujao," alimwambia. "Mbele ya watahini utafanya kama ulivyofundishwa."

"Ndiyo, mwalimu."

Nami nikamshika sikio. "Wifi, inama siku moja tu, wakupe mkanda wako. Baadaye wafundishe unavyotaka, nani atakuuliza?"

"Nitaona," akasema, akaendelea kupinda pindo.

Siku ya mtihani nilikwenda. Wale sita walikaa kando ya ukuta, watahini watatu mezani. Alifanya yote bila kosa, hata mimi nisiyejua nilijua. Ikaja zamu ya kisu. Kijana akachoma, wifi akakichukua kwa ulaini. Halafu akasimama. Niliona viganja vyake vinaanza kukutana, kovu juu kabisa, na moyoni nikasema haya, mpe, mpe yaishe. Akageuza macho akawatazama wale sita. Kisu akakitupa pembeni, akapita mbio mbele ya meza ya watahini, akatoka. Tulisikia miguu yake kwenye kokoto mpaka getini.

Mtahini mkuu aliandika, akafunika kalamu.

Alianguka mtihani. Mkanda ukabaki wa kahawia, na ufunguo ukabaki kwa mwalimu. Wiki ile alishona mpaka usiku wa manane, nami niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyomwonyesha.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja tunafungua mlango, huyo hapo yule muuza dawa, anahema, kiatu kimoja mguuni. Alivamiwa akifungua duka.

"Mwalimu," alisema, "nimekitupa. Nimekimbia."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita wifi hivyo. Wifi aliacha cherehani, akamshika mikono, akaipekua yote miwili, kiganja na nyuma yake, akitafuta damu. Hakukuwa na damu. Ndipo akarudi hatua moja, akabana mikono ubavuni, akamwinamia.

Nami mwenye mdomo nikainama pia.