Siagi kwenye Detanderi

Bwana wangu alikuwa mufundi wa kuunga na kukata chuma kwa moto, kwenye mugodi mmoja kule Walikale. Detanderi zilizoharibika alizifungua nyumbani, kwenye meza yangu, na mimi niliacha mboga ya sombe motoni nije kuchungulia. Detanderi ni kile kichwa cha shaba kinachokaa juu ya chupa ya oksijeni na kupunguza nguvu ya hewa. Ndani mlikuwa na resori ya chuma inayojikunja na kujikunjua, ngozi ya mpira, na kitundu ambacho hata sindano ingekataa kuingia. Nguvu yote ile inapita hapa? Nilimuuliza mpaka akachoka nami.

Kilichonisumbua zaidi ni mikono yake. Kabla ya kuzigusa detanderi aliinawa kwa sabuni na majivu mpaka ikapasuka.

"Oksijeni na mafuta havipatani," alisema. "Vikikutana vinawaka bila kiberiti. Uso njo unaungua wa kwanza."

Bila kiberiti? Sikumwamini kabisa.

Halafu mama yake akatutembelea kutoka Masisi, na siagi ya ng'ombe wake. Kwao siagi wanapaka kila kilichokauka: mutoto, midomo, ngozi ya kulalia. Asubuhi moja, bwana amekwisha kwenda kazini na detanderi aliyoimaliza jana yake, mama akaniambia kwa furaha:

"Kile chuma cha mutoto wangu kilikuwa kinakwaruza. Nimekipaka siagi kidogo."

"Wapi, Mama?"

"Mule ndani ya mudomo."

Nilikimbia mpaka mugodini, watu wa kambi ya wafanyakazi wakiuliza nani amekufa. Nilimkuta bwana amekwisha kuifunga detanderi kwenye chupa, mkono uko juu ya robine ya kufungulia hewa. Niliuvuta ule mkono kwa nguvu, maana pumzi ya kusema sikuwa nayo.

"Siagi," nikasema mwishowe.

Aliifungua, akanusa, akakaa chini kwenye udongo. Niliogopa sana. Lakini nisiseme uongo, hata pale nilitaka kujua moto wake ungekuwa wa rangi gani.

Aliiosha yote upya, na jioni hakumwambia mama yake neno. Mama aliiona ile mikono iliyopasuka, akanung'unika kwamba mutoto wake hatunzwi humu nyumbani, akachota siagi, akampaka kidole kwa kidole. Bwana alitulia tu. Nilisimama mlangoni nikivitazama vile vidole, vyote viko, na siku hiyo sikuuliza kitu.